Hatuhitaji 4K, Tunahitaji Video Isiyodanganya



Mwezi uliopita tulirudishiwa magauni manne. Yalitoka Nansio, Ukerewe, yamekunjwa vizuri kwenye mfuko uleule tuliotumia kuyapeleka. Tulipompigia mwenyewe na kumwamkia, hakutugombeza. Aliitikia salamu, akatulia kidogo, kisha akasema, "Wanangu, mshono hauna kasoro. Lakini mimi niliagiza damu ya mzee, nanyi mmeniletea rangi ya tofali. Harusi ni Jumamosi. Tutasimamaje mbele za watu na wadogo zangu tumevaa tofali?"

Hatukuwa na la kujibu zaidi ya kumwomba radhi na kumrudishia pesa yake. Baada ya hapo tulikaa chini tukaifungua tena ile video tuliyomtumia. Kweli, kwenye video kitambaa ni damu ya mzee kabisa. Tukakitoa kitambaa chenyewe nje juani. Tofali. Kitambaa hakikubadilika njiani. Kilichodanganya ni video yetu.

Leo tunataka kulizungumza jambo hili, maana tunajua wengi wenu mnauza au mnanunua kupitia simu, na ninyi wa visiwani mnajua kuliko sisi habari ya kuagiza kitu kilicho ng'ambo ya maji ambacho hujakishika kwa mkono.

Dirisha letu lilihamia kwenye simu

Sisi ni mafundi cherehani wanne. Kwa miaka mingi duka letu lilitegemea foleni ya kivuko. Magari ya kutoka Geita, Kagera na kwingineko yalisimama kusubiri zamu ya kuvuka Ghuba ya Mwanza, abiria wakashuka kununua samaki, mihogo na maji, na macho yao yakaangukia magauni tuliyotundika mlangoni. Mtu alikuwa anashika kitambaa, anageuza pindo, anauliza bei. Mara nyingine alichukuliwa vipimo wakati dereva anapiga honi.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilizinduliwa, kama kilomita 3 kutoka Kigongo hadi kwetu Busisi. Tulishangilia, na bado tunashukuru. Mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku hasubiri tena kivuko. Lakini tusifichane: basi lililokuwa likisimama sasa linapita. Anayekwenda Geita anatuona kwa dirishani, kwa sekunde mbili tatu, basi.

Kwa hiyo na sisi tukahamia kwenye simu. Tunarekodi nguo, tunaihariri video kwa programu ya simu, tunaiweka stetasi, tunaituma kwa mteja. Zamani mteja alishika nguo. Sasa anaiamini video. Ndiyo maana ubora wa video kwetu siyo mambo ya vijana wa mjini. Ni mkate wetu.

Tulivyoshauriwa vibaya

Baada ya yale magauni kurudi, kila tuliyemsimulia alitupa jibu moja: nunueni simu inayorekodi 4K. Mmoja alisema simu zetu ni za kizamani, mwingine akasema bila 4K hakuna biashara mtandaoni. Tulianza hata kuchangishana. Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kuuza cherehani yake ya pili.

Tunashukuru kwamba tuliuliza kwanza. Msimamo wetu leo ni huu: mwanamke mwenye biashara ndogo asiuze cherehani kununua namba. 4K isingeokoa hata gauni moja kati ya yale manne.

Tueleze kwa nini. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, na kila picha imejengwa kwa nukta ndogondogo, kama darizi inavyojengwa kwa vishono. Hizo 480p, 720p, 1080p na 4K ni hesabu ya nukta tu. Video ya 480p ina kama nukta laki nne kwa picha moja. Ya 720p ina 921,600. Ya 1080p ina zaidi ya milioni 2, na ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Kwa karatasi, 4K inashinda zote kwa mbali.

Lakini fuatilia safari yake. Ukirekodi 4K kisha ukaituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana hadi karibu 480p ili isafiri kwa wepesi. Katika kila nukta 20 ulizorekodi, inabaki kama 1. Tangu mwaka 2023 kuna kitufe cha HD unachoweza kubonyeza kabla ya kutuma video, na hicho kinaipeleka kwenye 720p. Bado siyo 4K. Kisha inafika kwa mteja ambaye simu yake, kama simu nyingi za bei nafuu tunazotumia, ina kioo chenye upana wa nukta 720 tu. Hata ungemletea nukta milioni 8 kwa lori, kioo hakina pa kuziweka.

Na kuna suala la bando. Simu za iPhone zinakuonyesha zenyewe kwenye mipangilio: dakika moja ya 1080p kwa picha 30 kila sekunde ni kama MB 60, na ya 4K kwa picha hizohizo 30 ni kama MB 170. Nani analipia hizo MB? Ni wewe unayepakia na mteja anayepakua. Mama wa Nansio anaweka bando la siku ili aongee na watoto wake. Tukimrushia video inayolimaliza, tumemtoza kabla hajanunua.

Tena, mwezi Machi 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, YouTube walishusha kiwango chao cha kuanzia kuwa cha kawaida, yaani 480p, ili mtandao usizidiwe, na anayetaka zaidi akabaki na uhuru wa kupandisha mwenyewe. Watu waliendelea kuangalia mapishi, mahubiri na mawaidha, wakaelewa, wakanufaika. Nukta nyingi ni neema, lakini siyo roho ya video.

Kinachoharibu video kweli

Sasa basi, kama siyo nukta, ni nini? Tumejifunza kwa hasara, na tunawapa bure.

La kwanza ni mwanga. Ile video tuliirekodi usiku chini ya taa moja ya manjano. Simu ikikosa mwanga wa kutosha inajilazimisha kuona, na inajaza picha chengachenga, kama zile za televisheni za zamani antena ikigeuka. Na taa ya manjano inaivuruga simu katika kukisia rangi. Nyeupe inakuwa maziwa, bluu inakuwa kijani, tofali inaanza kuelekea damu ya mzee.

La pili linahusiana na hilo, na wengi hawalijui. Video haihifadhi kila picha nzima. Ili isiwe nzito, programu inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata inaandika zaidi kile kilichobadilika. Ukisimama kimya mbele ya ukuta mtupu, kinachobadilika ni kidogo, kwa hiyo nafasi yote inatumika kuonyesha nguo. Lakini chengachenga zinabadilika kila picha. Mkono ukitetemeka, kila kitu kinabadilika. Nyuma yako kukiwa na watoto wanacheza na miti inayumba, hivyo vyote vinagombania nafasi na gauni lako. Ikibanwa, picha inavunjika viboksiviboksi, na mteja anadhani simu yako ni mbovu.

Sisi wa vitenge tuna mtihani zaidi. Kitenge chenye maua madogomadogo, au lesi yenye matundu, mtu akizunguka nacho haraka, video iliyobanwa haiwezi kufuata. Maua yanakuwa uji. Kitambaa kilekile mvaaji akigeuka polepole, akasimama, kila ua linaonekana. Hatukubadilisha simu. Tulimwambia tu mvaaji asikimbie.

La tatu, na hili ndilo lililotuumbua, ni filta. Baada ya kurekodi, tulifungua programu ya kuhariri tukaweka ile filta ya "kuchangamsha rangi", kwa sababu video ilionekana imefifia. Hatukukusudia kumdanganya mtu. Lakini filta ilichukua tofali iliyokwisha kuvurugwa na taa ikaisukuma mpaka ikawa damu ya mzee. Uso wa mvaaji ulipendeza, kila aliyeona stetasi alisifia, na gauni likawa uongo.

Tunavyofanya sasa

Tunarekodi saa tatu au saa nne asubuhi, mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga wa nje, siyo jua kali la saa sita linalochoma rangi nyepesi zikawa nyeupe tupu. Nyuma tunatundika shuka moja la rangi ya kijivu. Kuta zetu ni za kijani, na ukuta wa kijani unarusha ukijani kwenye nguo.

Kabla ya yote tunafuta lenzi kwa kitambaa safi. Msicheke. Simu ya fundi inashikwa kwa vidole vya mafuta ya cherehani siku nzima.

Simu tunaiegemeza kwenye kigoda. Tunaweka 1080p na picha 30 kwa sekunde, na inatosha kabisa. Hizo 60 zinapendeza kwa mpira na ngoma, lakini kwa gauni lililotulia zinaongeza uzito tu, na zinataka mwanga zaidi.

Kwenye programu ya kuhariri, kama CapCut au InShot, tunakata mwanzo na mwisho, tunaandika bei na saizi, na tunaitoa kwa 1080p ileile tuliyorekodia. Filta hakuna. Tukilazimika kuongeza mwanga kidogo, tunaishika nguo mkononi na kuilinganisha na kioo cha simu mpaka vifanane.

Kila video inaanza na karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya kitambaa kwa sekunde mbili. Mteja akiona karatasi imekuwa ya manjano kwenye kioo chake, anajua rangi zimevurugika, anatuuliza. Na kwa sare za harusi hatukubali tena oda kwa video peke yake. Tunakata kipande cha inchi mbili, tunampa dereva au utingo wa gari, kinamfikia mteja. Kipande cha inchi mbili kinaishinda 4K.

Na wale wanaotuuzia 4K kwenye sherehe

Tukiwa bado hapo, tuseme na hili la sendofu, kicheni pati na harusi. Mpiga video anakuja na bei mbili: ya kawaida, na ya 4K ambayo ni ghali zaidi. Hatusemi wote ni wezi. Wengi wanahangaika kama sisi. Lakini yupo mmoja aliyempigia mwenzetu sherehe ya binti yake, akalipwa ya 4K, na flashi ilipokuja lesi ya bibi harusi ilikuwa ukungu mtupu.

Kumbe mtu anaweza kurekodi kwa 720p au 1080p, kisha kwenye programu ya kuhariri akachagua kuitoa video kwa 4K. Programu inakubali. Lakini haishoni nukta mpya zilizokuwepo siku ile. Inazinyoosha zilezile na kujaza kwa kukisia. Ni sawa na kuchukua mita mbili za kitambaa ukazivuta mpaka zifike nne: urefu utaupata, lakini nyuzi ni zilezile, zimeachana. Na ukifungua maelezo ya faili yatakuandikia 3840 kwa 2160, kwa hiyo hayo peke yake siyo ushahidi.

Ushauri wetu: kabla ya kulipa, mwombe mpiga video akuonyeshe kipande kimoja kwenye kamera yenyewe, kabla hakijahaririwa. Angalia kope, angalia lesi, angalia ushanga. Mwulize analeta taa ngapi, kwa sababu ukumbi wenye taa mbili za rangi hauokolewi na kamera yoyote. Mwulize sauti anaichukua wapi. Maneno ya baba akimuaga binti yake yakisikika vizuri, utayatazama hata kwa 480p ukilia. Yasiposikika, 4K itakuonyesha midomo tu.

Hatukatai kwamba 4K ina kazi yake. Anayetazama kwenye televisheni kubwa ataona tofauti. Mhariri anayetaka kukata sehemu ya picha na kuikuza anaihitaji, kwa sababu ana nukta za kuchezea. Kama una pesa na umepata mpiga video mwaminifu, chukua. Ila dai nakala mbili: moja halisi ya kuhifadhi, na moja ya 1080p ya kawaida ya kuangalia kwenye simu. Simu nyingi za zamani zikipewa 4K, au video iliyobanwa kwa njia mpya ya HEVC, zinakwama, au sauti inatoka na kioo ni cheusi. Ukikuta hivyo usikimbilie kusema flashi ni mbovu. Jaribu kwanza programu ya VLC, au ipeleke kwenye kompyuta.

Tunza ile ya asili

Tumebakiza jambo moja, na hili ni la moyoni.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake miaka miwili iliyopita. Kuna video moja ya mama huyo akiwa juu ya kivuko, upepo wa ziwa unapeperusha kanga yake, anacheka, anamwambia mjukuu asisogee ukingoni. Siku ile iliwekwa stetasi. Ndugu akaishusha kutoka stetasi, akaipandisha kwenye stetasi yake, mwingine akachukua kwake. Kila ilipopandishwa upya ilibanwa upya, kama kutoa kopi ya kopi ya kopi. Ile ya asili ilifutwa kwenye simu kwa sababu memori ilijaa, na iliyoijaza ilikuwa video za kuchekesha za kwenye makundi.

Leo kilichobaki ni viboksi vyenye rangi ya kanga. Sauti ipo. Uso haupo vizuri. Mwenzetu anaitazama hivyohivyo. Hakuna programu inayoweza kumrudishia uso ule. Zile za akili bandia zinazodai kusafisha video zinaweza kumchorea uso mkali, lakini zitakuwa zimekisia, na yeye hataki uso wa kukisia. Anataka wa mama yake.

Kwa hiyo tunawasihi: kila mwisho wa mwezi, kaa dakika kumi, hamisha video za watu wako kwenye flashi au kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini, ile ya asili, siyo iliyopita WhatsApp. Ukitaka kumtumia ndugu bila kuiharibu, itume kama hati na siyo kama video. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inapokea hati hadi GB 2, na hati haibanwi. Futa vichekesho kwanza. Mama afutwe wa mwisho, au asifutwe kabisa. Na zile za ndani ya nyumba, mtu akiwa hajajistiri, zisikae kwenye flashi inayozunguka mikononi mwa watu.

Hapa ndipo tunapoona kwamba suala hili siyo la mashine peke yake. Dini zetu zote zimetukataza mizani ya kupunja. Sisi tulidhani mizani ni ya muuza mchele na muuza dagaa. Kumbe na video ni mizani. Mteja wa mbali hana jicho jingine isipokuwa lile tulilompa. Tukimpa jicho lililopakwa rangi tumempunja, hata kama hatukukusudia. Na kumbukumbu za wazee wetu ni amana, na amana haitunzwi kwa nakala mbovu.

Yule mama wa Nansio tulimshonea upya. Tulitafuta damu ya mzee sokoni Mwanza, tukampelekea kipande kwanza, akakubali, tukakesha usiku mbili. Jumamosi alisimama na wadogo zake. Alitutumia video ya sherehe. Ilikuwa imebanwa, inatetemeka, ya 480p kama siyo chini yake. Rangi ilikuwa sawasawa.

Kama nanyi mna njia mnazotumia kuonyesha bidhaa zenu bila kuongeza chumvi, tuandikieni, tujifunze. Cherehani ya pili bado ipo, na inafanya kazi.